Ithibati ya Prosesa Iliyoongezwa Mwendo

Mwezi wa Januari 2008, kampuni ya Intel ilipoleta sokoni prosesa ya viini viwili iitwayo Core 2 Duo E8400, iliyofinyangwa kwa ufundi wa nanomita 45 na kuandikiwa mwendo wa gigahezi 3, wapenzi wa kompyuta za mezani katika Ulaya, Marekani na Asia walitambua upesi kwamba kitu walichouziwa kilikuwa na nguvu zaidi ya ile iliyoandikwa mgongoni mwake. Na tangu hapo kazi ya kuitoa prosesa hiyo katika kipimo cha kiwandani na kuipandisha hadi gigahezi 3.6, na kwa wengine 4 na ushei, ikawa shughuli ya usiku ya watu wengi ambao hawakuwa na maabara wala shahada ya uhandisi, bali subira, feni nzuri na kichupa cha girisi ya kupitishia joto.

Jambo hilo halikuwa la miujiza. Kiwanda hukata prosesa nyingi kutoka katika bamba moja la silikoni, na ijapokuwa zote ni za umbo moja, hakuna mbili zilizo sawasawa kwa tabia. Kwa hiyo mtengenezaji huziandikia mwendo ambao hata iliyo dhaifu miongoni mwao itaumudu katika joto kali na umeme usiotulia, na aghalabu zile zilizo imara huuzwa kwa jina la chini kwa sababu soko limetaka bidhaa rahisi. Mwaka 1998 Celeron 300A ilikwisha kuonyesha haya, maana mapigo ya msingi yalipotolewa megahezi 66 yakawekwa 100, prosesa ya megahezi 300 ilikwenda 450. Lakini ujio wa viini viwili uliongeza sharti zito: viini vyote viwili vya Core 2 Duo hupokea volti moja na kufuata mapigo mamoja, basi kiini kilicho dhaifu ndicho kinachoweka mpaka, hata mwenziwe awe hodari namna gani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. E8400 ina mapigo ya msingi ya megahezi 333 na kizidisho cha 9, na kizidisho hicho kimefungwa kisipande. Njia iliyobaki ni kuingia katika bayosi ya madabodi na kuyapandisha mapigo ya msingi yafike 400, na mara tisa ya 400 ni 3600. Uzuri wa 400 ni kwamba kumbukumbu ya aina ya DDR2-800 huandamana nayo sawia bila kutolewa katika kipimo chake, ndiyo maana idadi hiyo ilipendwa kuliko nyingine. Anayeipita huwa ameitwisha mzigo madabodi pamoja na prosesa, na hitilafu ikitokea hajui amlaumu nani.

Kinachozuia mwendo usiongezeke bila kikomo ni muda. Katika gigahezi 3, pigo moja ni kama theluthi ya nanosekunde, muda ambao nuru yenyewe husafiri sentimita 10 tu. Na ndani ya muda huo ishara sharti ipite katika milango mingi ya transista na kutulia kabla ya pigo linalofuata. Pigo likifupishwa mno, ishara husomwa kabla haijatulia, na penye moja pakasomwa sifuri. Dawa yake ni kuongeza volti, maana transista hufunguka upesi zaidi. Ila joto hupanda kwa kadiri ya mwendo na kwa kipeo cha pili cha volti, hata mtu aliyetoka gigahezi 3 kwenda 3.6, na volti 1.225 kwenda 1.325, huwa ameongeza matumizi ya nguvu kwa takriban asilimia 40.

Mpaka hapo kila mwenye mikono anaweza. Ustadi, kwa rai yangu, umo katika kuthibitisha kwamba mashine iliyopandishwa bado inahesabu kweli, na hapa ndipo wengi walipokosa idili, wakadhani kwamba kompyuta iliyofungua Windows na kucheza mchezo mmoja imefaulu.

Chombo kilichoaminiwa kuliko vyote kwa kazi hiyo hakikuundwa kwa ajili yake. Mwaka 1996 George Woltman alianzisha jumuiya ya GIMPS ya kutafuta namba tasa za Mersenne kwa msaada wa kompyuta za watu wa kawaida, na programu yake, Prime95, ilikuwa na haja ya kujichunguza wakati wote, kwa kuwa kosa la tarakimu moja huharibu hesabu ya wiki nzima. Namba waliyoipata Septemba 2006 ilikuwa na tarakimu 9,808,358. Kwa hiyo programu iliwekewa jaribio la mateso, ambalo huihesabisha prosesa bila kuipumzisha na kulinganisha kila jawabu na lile linalojulikana tangu zamani. Mtu huliacha likiendelea usiku, na asubuhi huenda akakuta mstari unaosema kwamba tofauti ya ukadiriaji imefika 0.5 ilhali ilitakiwa isifike 0.4, na katika prosesa ya viini viwili dalili huonekana hata kabla ya kusoma mstari huo, kwa kuwa kipimo cha matumizi kimeshuka kutoka asilimia 100 hadi 50, maana yake kiini kimoja kimesimama na mwenziwe angali anahesabu. Mashine haikuzimika, skrini haikugeuka buluu, na bado imesema uongo.

Matoleo ya zamani ya Prime95 yalikishughulisha kiini kimoja tu, na aliyefungua nakala moja alikuwa amejaribu nusu ya prosesa yake. Ikabidi kufungua nakala mbili na kuifunga kila moja kwa kiini chake, au kutumia Orthos, iliyotokana na programu hiyo kwa ajili ya viini viwili. Kuna jingine la hadhari: prosesa iliyopata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe, na asiyeangalia kipimajoto hudhani imefaulu katika 3.6, kumbe ilikuwa ikijikokota chini ya hapo.

Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft walichapisha uchunguzi wa taarifa za hitilafu kutoka kompyuta zipatazo milioni moja, wakabainisha kwamba prosesa zilizoongezwa mwendo huanguka mara nyingi zaidi, na kwamba mashine iliyokwisha kuanguka mara moja kwa hitilafu ya prosesa huwa karibu zaidi ya kuanguka tena. Tena huko ni kuanguka kunakoonekana. Daftari la hesabu lililoandikwa tarakimu isiyo yake halipigi kelele.

Kwa msomaji wa pwani yetu kuna neno la ziada. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la hewa ya chumba, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani hupandisha kiini karibu nyuzi moja. Basi jaribio lililofaulu katika kipupwe cha Ulaya si hoja mjini Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, na mwenye kutaka ithibati ya kweli afanye jaribio mchana wa jua kali, kasha likiwa limefungwa. Na mwenye kununua kompyuta ya kizazi hicho iliyounganishwa kipande kwa kipande afungue programu ya CPU-Z atazame mapigo ya msingi, asitazame jumla, kwa sababu kizidisho hushuka hadi 6 mashine inapopumzika: akikuta 333 iko kama ilivyotoka kiwandani, akikuta 400 imeongezwa. Muuzaji naye, kama aliipandisha kwa raha zake, na airudishe bayosi katika vipimo vya kiwandani kabla ya kupokea fedha, au amwambie mnunuzi bayana, kwa maana hajui ni kazi ya nani itakayohesabiwa humo.