Lupita Nyong'o: Yapi ya Kweli, Yapi ya Mtaani

Panda matatu ya 46 pale mjini Nairobi, taja jina la mwigizaji Lupita Nyong'o, na kabla hamjapita Yaya abiria watakuwa wamekusimulia maisha yake mara nne, kila mmoja na yake. Baadhi ya hayo yanashika. Mengine ni porojo.

Hakuzaliwa Kenya.

Kweli. Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, familia ikiwa uhamishoni kwa sababu za kisiasa na baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, akifundisha huko. Walirudi nyumbani kabla mtoto hajatimiza mwaka. Alipofika miaka 16 wazazi wakamrudisha Meksiko kwa miezi saba ajifunze Kihispania. Kwa hiyo tukimwita mhamiaji, tukubaliane kwanza ni mhamiaji wa wapi. Mimi nasema wa Marekani, kwa kuwa huko ndiko alikokwenda kwa miguu yake mwenyewe, kutafuta elimu na kazi.

Aliibuka tu, akapewa Oscar.

Uongo, tena huu ndio unaoniudhi zaidi, maana unafuta jiji zima. Lupita alianzia kwenye michezo ya shule, Rusinga, upande wa Lavington, na nafasi yake ya kwanza ilikuwa ndogo tu, katika Oliver Twist. Akiwa na miaka 14 akapanda jukwaani na kundi la Phoenix Players, akiwa Juliet wa Shakespeare. Ukumbi wao ulikuwa ndani ya Professional Centre, Parliament Road, hatua chache kutoka bungeni. Ulikuwa ukumbi mdogo, wa aina ambayo mwigizaji akimeza mate safu ya nyuma inajua. Na kundi lenyewe lilikuwa la kazi: mchezo mmoja ukishuka, mwingine umeshaanza mazoezi. Mahali kama hapo hakuna wa kukudekeza kwa sababu u mdogo.

Kisha akaenda Hampshire College, Marekani, kusomea filamu na michezo ya kuigiza. Filamu ya The Constant Gardener ilipokuja kupigwa Kenya, hakuwa mbele ya kamera. Alikuwa mtu wa kutumwatumwa, leta hiki, peleka kile. Nyota wa filamu ile, Ralph Fiennes, alimwuliza anataka kufanya nini maishani. Akajibu: kuigiza. Fiennes akamshauri asiiingie kazi hiyo ila kama hawezi kuishi bila hiyo. Ushauri mkali, lakini ni wa mtu anayeijua kazi.

Mwaka 2009 akatoa In My Genes, filamu ya hali halisi kuhusu Wakenya wenye ualbino, aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe. Mwaka huohuo Shuga ya MTV, tamthilia ya runinga iliyozungumzia VVU na mapenzi miongoni mwa vijana wa Nairobi, ikamleta sebuleni mwetu kwa jina la Ayira. Wengi waliomshangilia baadaye walikuwa wameshamwona hapo, ila hawakumtia maanani. Kutoka Juliet wa Parliament Road hadi usiku wa Oscar, 2 Machi 2014, ilipita zaidi ya miaka 15. Kuibuka gani huko kwa mwendo wa kobe?

Alibebwa na baba.

Nusu. Tusidanganyane: Rusinga, halafu St. Mary's ya Rhapta Road, si shule za karo ya kuchangishana. Na baba aliyekuwa waziri, kisha gavana wa Kisumu, si baba wa kila mtu. Kutoka Lavington ya wenye nacho hadi Kawangware ya wasio nacho ni mwendo wa dakika chache, na sidhani kipaji kilikuwa kimebaki upande mmoja tu wa barabara. Hilo la haki lisemwe.

Lakini waziri wa Kenya hana kura Hollywood. Kwa nafasi ya Patsey katika 12 Years a Slave, ndiyo iliyomletea Oscar, mwongozaji Steve McQueen alipitia waigizaji zaidi ya elfu moja. Lupita aliipata mwaka 2012, akiwa anakaribia kumaliza Yale School of Drama. Uwezo wa nyumbani ulilipa karo, ila kwenye usaili aliingia peke yake.

Ndiye Mwafrika wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji.

Uongo. Charlize Theron wa Afrika Kusini aliichukua mwaka 2004, miaka kumi kabla yake. Mkenya wa kwanza, hapo sawa, pigeni makofi.

Alipopata Oscar aliliaga jukwaa.

Uongo mtupu. Mwaka 2009, akiwa mwanafunzi Yale, alikuwa mwigizaji wa akiba katika Eclipsed, igizo la Danai Gurira, aliyekulia Zimbabwe, kuhusu wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia. Mwigizaji wa akiba hukariri kila neno akingoja mwenzake augue. Tuzo mkononi, na filamu zote zilizofuata zikimngoja, alirudi kwenye igizo lilelile: Public Theater mwaka 2015, Broadway mwaka 2016, safari hii akiwa mbele. Wanaosema alishinda tuzo ya Tony wamezidisha chumvi. Aliteuliwa, ikachukuliwa na Jessica Lange.

Halafu kiangazi cha 2025, ukumbi wa wazi wa Delacorte katikati ya bustani ya Central Park, New York, ambako maonyesho ni ya bure. Igizo ni Twelfth Night, tena la Shakespeare. Lupita ni Viola, msichana aliyetupwa na bahari kwenye nchi asiyoijua, akiamini pacha wake amezama, na anayelazimika kujibadili ili apate kazi. Mwongozaji ni Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi, rafiki yake tangu walipokuwa vijana wa michezo ya kuigiza jijini hapa. Pacha wake wa jukwaani, Sebastian, ni Junior Nyong'o, mdogo wake wa tumbo moja. Na katikati ya Kiingereza kile cha miaka mia nne, ndugu hao wawili walikuwa na Kiswahili kinywani.