Tuangalie Ndoana na Mtumbwi Kabla ya Kuingia Ziwani

Ndugu wavuvi wa Ziwa Viktoria, sangara ni samaki mwenye nguvu. Wengine hupita kilo 100. Basi tuchague vyombo imara.

Kwanza ndoana za migonzo. Ishike ndoana, uivute kwa nguvu. Ikinyooka, hiyo haifai. Ikwaruze ncha kwenye ukucha. Ikiteleza ni butu, inoe kwa tupa. Usinunue ndoana ndogo mno. Hizo hunasa watoto wa sangara, na sheria hairuhusu kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Ukirudi, toa chambo kilichobaki, kausha ndoana na kamba. Yenye kutu nyingi itupe. Kamba iliyolika ibadilishe.

Pili mtumbwi wa mbao. Mtumbwi ukikaa sana juani, mbao hukauka na kunywea. Nafasi hufunguka kati ya ubao na ubao, na maji hupita hapo. Chomeka ncha ya kisu kwenye mbao, hasa karibu na mkuku. Kikizama kwa urahisi, ubao umeoza. Ung'oe, weka mwingine. Tazama na misumari. Iliyoliwa na kutu haishiki tena. Kisha ziba nafasi kwa pamba, halafu paka rangi.

Wengine husema, "Si tutachota maji tu?" Kuchota siyo matengenezo. Upepo ukivuma na mawimbi yakiinuka, maji huingia haraka kuliko mkono unavyochota. Kopo liwemo, na kila mtu avae jaketi la kujiokoa. Lakini tundu tulizibe tukiwa nchi kavu.