Kiambishi HU- na Upimaji wa Maoni ya Umma

Taasisi nyingi, ziwe benki au kampuni za umeme, hutaka kujua umma unazionaje. Desturi hiyo si ngeni. Zamani makarani walisoma magazeti na kukata habari zilizoitaja taasisi iliyowaajiri. Na mnamo 1939 BBC ilianzisha idara ya kusikiliza matangazo ya redio za kigeni. Siku hizi kauli za mitandao ya kijamii ni nyingi mno, hivyo hupitishwa katika programu za tarakilishi zinazoziainisha kuwa sifa, lawama, au kauli zisizoegemea upande.

Programu iliyo sahili kabisa huhesabu maneno: 'jali' ni sifa, 'puuza' ni lawama. Njia hiyo haikifai Kiswahili, kwa kuwa aghalabu ukanushi umo ndani ya kitenzi chenyewe. Tazama sentensi 'Shirika hujali wateja'. Iwapo hu- ni kiambishi cha mazoea, shirika linasifiwa. Iwapo ni kikanushi cha nafsi ya pili umoja, shirika linaambiwa lawama usoni. Vitenzi vya asili ya Kibantu havina utata huo, maana irabu ya mwisho hubadilika: 'hupenda', 'hupendi'. Vile vilivyotoholewa kutoka Kiarabu havibadiliki. Navyo, kama 'jali', 'heshimu', 'thamini' na 'dharau', ndivyo hasa vya kusifia na kulaumia. Katika mazungumzo kiimbo huondoa utata. Katika maandishi umebaki mkato tu, ambao wengi mitandaoni hawauandiki.

Kwa upande mwingine, 'Huduma yao si haba' ina kikanushi na neno la upungufu, ilhali ni sifa. Naye mteja aliyekatiwa umeme akiandika 'Ahsanteni kwa giza', hashukuru.

Ndiyo sababu mkusanyo wa AfriSenti wa 2023, wenye zaidi ya jumbe 110,000 za mtandao wa Twitter (sasa X) katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, uliainishwa na wazungumzaji wazawa.

Hapana budi wanaisimu waishughulikie kazi hii. Lalamiko likihesabiwa kuwa pongezi, taasisi huridhika pale ilipopaswa kujirekebisha, na mlalamikaji huwa amesema bila kusikiwa.