Insha ya tembo: usianze na kalamu nyekundu

Wadau, kijana mmoja wa hapa Mugumu kaniletea insha yake ya masimulizi. Tembo wa Serengeti waliingia shambani kwao, yeye kaandika: "Tuliogopa sana, mahindi yakaisha." Basi!

Sikusahihisha kitu. Nilimwambia aisome kwa sauti, halafu nikamuuliza: ulisikia nini kwanza? Baba alifanya nini? Asubuhi je?

Akaandika upya: mabua yanavunjika gizani, baba anagonga debe, asubuhi mama anaokota magunzi kimya kimya. Tahajia tukaiacha mwisho, maana ukianza na makosa madogo, mwanafunzi anafupisha kisa ili asikosee.

Mahindi yale ndiyo yalikuwa sare na madaftari yake. Awali hakuliandika hilo. Sasa lipo.

Yako umeisoma kwa sauti?