Je, Wajua? Yaliyoandikwa Pembeni

Je, wajua kwamba watu kuyasoma maandishi mamoja na kuyajazia maelezo pembeni hakukuja na simu janja? Mombasa, karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimsaidia mmisionari Mwingereza William Taylor kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Aliyanakili kwa hati za Kiarabu, kisha akaeleza: ubeti huu alitungiwa nani, neno lile la kale lina maana gani. Miswada hiyo sasa iko London. Diwani ilichapishwa 1940, Sikujua akiwa hayupo tena. Mafumbo ya Muyaka bila Sikujua? Tungebaki tunakuna vichwa.

Wajua kwamba kwa Kiarabu *hashiya* ni pindo la nguo na pia ni maelezo ya pembeni mwa kitabu?

Baadaye pambizo likahamia kwenye kompyuta: kivinjari cha Mosaic cha mwaka 1993 kilishakuwa na sehemu ya kuandika maoni juu ya kurasa za intaneti. Programu ya Hypothesis, ya mwaka 2011, nayo ya kuandika maoni pembeni mwa kurasa hizo, humwezesha mwalimu kufungua kikundi cha darasa lake peke yake.

Na kwenye Google Docs, je, wajua unaweza kumpa mtu ruhusa ya kutoa maoni tu, asiguse maandishi? Kwangu mimi hapo ndipo penye faida. Mwalimu akifuta neno la mwanafunzi na kuweka lake, mtoto hunakili tu. Akiuliza pembeni, "Hapa 'yeye' ni nani, mama au shangazi?", mtoto hurudi kuisoma sentensi yake mwenyewe, na wenzake wanaona. Kalamu nyekundu ya daftarini huonwa na mmoja, tena akishaona alama hufunga daftari.

Maoni ya pembeni huwafaa pia walio mbalimbali. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinachofundisha kwa masafa na chenye makao yake Kinondoni, Dar es Salaam, kilianzishwa kwa sheria ya 1992. Mwanafunzi wake wa Mtwara na mwenzake wa Bukoba wanaweza kukutana pambizoni mwa ukurasa kabla hawajaonana uso kwa uso.

Lakini huko Mbagala, Temeke, simu haziingii darasani na bando la nyumbani lina mambo mengine ya kufanya. Basi chukua karatasi ya manila. Bandika shairi katikati, acha pande zote wazi, gawa kalamu za rangi. Ukichelewa kuibandua, watoto wa zamu ya mchana watakuwa wameshawajibu wa asubuhi.