Uvuvi wa Mto Rufiji — Sehemu ya Tatu: Baada ya Magharibi

Katika sehemu zilizotangulia tulieleza jinsi maji ya Kilombero na ya Luwegu yanavyokutana yakawa Rufiji, na jinsi mafuriko ya masika yanavyowatoa samaki mtoni yakawatawanya mabondeni na mabwawani. Leo tumfuate mvuvi wa mshipi, ashukaye ukingoni wakati wenziwe wa nyavu wanapofunga mitumbwi yao, maana saa ile ya jua kuchwa, ambayo kwa mgeni ni saa ya kurudi nyumbani, ndiyo saa ya kambale.

Kambale hana haja kubwa ya nuru. Macho yake ni madogo, bali kinywa chake kimezungukwa na sharubu nane, nazo ndizo zimpapasiazo na kumwonjea chakula katika maji ya tope. Kwa hiyo chambo chake, ama nyungunyungu ama utumbo wa kuku, hufungiwa chubwi kikalala chini kabisa. Mara nyingi badala yake huja ngogo, ambaye akitolewa majini hukoroma kwa hasira na kuisimamisha miiba yake mitatu, mmoja wa mgongoni na miwili ya mbavuni, ikakaza wima isilale tena. Na mvuvi mwenye akili hamng'oi ndoana gizani kwa pupa.

Lakini hatari ya mwiba ni ndogo. Watu wengi humhofu kiboko kana kwamba anawinda, ilhali chakula chake ni majani, yapata kilo 40 kwa usiku mmoja, naye huyafuata usiku kwa kuwa ngozi yake hukauka upesi na kuungua juani. Giza likiingia hupanda kwa njia yake ile ile ya siku zote, hata njia ikachimbika mifuo miwili na kuacha tuta jembamba katikati, kwa sababu miguu yake ya kulia na ya kushoto imeachana sana. Na pale njia inapoteremkia mtoni utaona vichaka vimetapakaa mavi, ayarushayo kwa mkia. Mahali hapo aghalabu ni peupe, majani yamelazwa, ukingo umeteremka taratibu, pazuri mno pa kuketi na mshipi, na kwa maoni yangu uzuri huo ndio asili ya maafa mengi kuliko ukali wa mnyama mwenyewe. Kiboko akishtuka nchi kavu hukimbilia majini, na yeyote aliyekaa baina yake na maji amemzibia njia, awe anajua au hajui. Wala mwanadamu hawezi kushindana mbio na mnyama yule, ijapokuwa umbo lake ni zito.

Dhidi ya kiboko, basi, sauti ni hifadhi: mwenye mtumbwi hugonga ubavu wa chombo kwa kafi avukapo maji ya kina, ili aliye chini aibuke mbali, na aketiye ukingoni haoni haya kukohoa na kuzungumza. Dhidi ya mamba sauti haifai kitu. Huyu huja kwa njaa, tena kwa kimya, akiacha juu ya maji pua na macho tu. Kinachofaa ni umbali, yaani kutokuchutama kwenye ukingo wa maji, kutokuosha samaki pale pale palipovuliwa, na kuwa na kurunzi. Nyuma ya jicho la mamba mna utando unaorudisha nuru, na ukilimulika utaona makaa mekundu yametulia juu ya maji. Hapo hesabu ya samaki haina maana tena, kunja mshipi.

Yuko na mvuvi mwingine wa usiku, asiyemdhuru mtu, naye ni bundi mla samaki, mkubwa, wa rangi ya kutu, ambaye miguu yake haina manyoya ya kuloana. Bundi wengine hupaa bila mvumo ili panya asiwasikie. Huyu hakujaliwa ukimya huo, wala hauhitaji, kwani samaki aliye majini hasikii mbawa zilizo hewani. Wanaosikia mlio wake mzito wakaufanya ndege ya msiba na wawe na itikadi yao. Mimi huuhesabu kuwa dalili kwamba mahali pale pana samaki.

Sehemu ya nne itahusu migono, na jinsi ya kumbanika kambale kwa moshi ili afike sokoni bila kuoza.