Vijiti vinne, picha haiendi!

Huku Ifakara tupo, ila simu zinatutesa. Sikilizeni kisa cha mjomba wangu wa kule Mngeta.

Mjomba alikuwa na gunia 14 za mchele Supa, ule unaonukia hata kabla ya kuiva. Dalali wa Dar akapiga simu: "Nitumie picha ya punje kabla ya saa 12 jioni. Nikiona haujakatika, nachukua wote." Kazi nikapewa mimi, si ndiye msomi wa Kidato cha Nne mwenye simu ya kupangusa!

Saa 10 nikapiga picha, nikatuma. Kiduara kikazunguka weee! Juu ya kioo vijiti vinne vimejaa. Nikazima simu, nikawasha. Nikapanda juu ya kichuguu kama nyani. Wapi! Picha ilifika saa 3 usiku, dalali kashajaza gari kwingine. Wiki iliyofuata mjomba akauza kwa pungufu ya elfu tano kila gunia. Piga hesabu mwenyewe: 70,000 zimeyeyuka, na watoto wanadai sare na madaftari. Nililala bila kumwangalia usoni.

Kurudi mjini nikamfuata fundi simu mmoja pale Kibaoni. Akacheka. "Vijiti vinasema simu inausikia mnara. Havisemi mnara unahudumia watu wangapi." Kumbe jioni wote tunagombania mnara mmoja! Tena Mngeta iko chini ya Udzungwa, na mlima huziba mawimbi. Akanionyesha herufi pembeni: ikiwa E, hiyo ni 2G ya kizamani, tuma maandishi tu. Kama 4G inakuja na kupotea, ingia kwenye mipangilio uifungie simu kwenye 3G, itulie. Picha ya ubora wa juu achana nayo, na zima programu zinazojisasisha kimya kimya. Kinachoniudhi ni kwamba bando unanunua vizuri tu kwa nyota na reli, maana hiyo haipiti kwenye data. Kulitumia sasa!

Kuna siku hata fundi hana ujanja. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, Tanzania ikasota na Kenya ikasota. Siku hiyo wa Masaki na wa Mlimba tulikuwa karibu sawa, bwana!

Siku hizi nikilala kwa mjomba, ananigongea mlango saa 11 alfajiri, wengine wakiwa bado wanakoroma. "We mpwa, amka, mnara mweupe!" Msimu huu ana gunia 20.